Inawaka, Papa

Jumanne iliyopita lori la mkaa lilisimama mbele ya shule ninapofundisha, hapa Kamina, na harufu ya breki zilizoshika moto ikaingia darasani kupitia dirishani. Watoto wakaziba pua na kucheka. Mimi niliweka chaki mezani, nikakaa, nikawaambia mwalimu wao anaumwa kichwa. Uongo mtupu. Kichwa kilikuwa kizima. Ilikuwa ile harufu.

Kama hamuijui harufu hiyo, ni chuma cha moto, vumbi lililoungua, na kitu kama kwato za mbuzi zikichomwa. Dereva yeyote mwenye akili akiisikia husimamisha gari. Lakini mimi nilizaliwa katika kambi ya wanareli, nyumba za matofali mekundu zilizopangwa ubavu kwa ubavu karibu na stesheni, na kwetu harufu hiyo ilikuwa na habari nyingine. Treni ya mizigo ilipoingia kutoka Bukama, breki zikibana magurudumu, harufu ilitangulia nyumba kwa nyumba, na mama zetu wakainuka kuteleka maji ya bukari, ugali wetu, maana wanaume wamefika. Utotoni ningeweza kuapa kwamba ile ndiyo harufu ya mwili wa baba yangu.

Baba alikuwa garde, yaani mtu anayesafiri katika behewa la mwisho la treni ya mizigo. Kambi nzima ilimwita Papa Garde, hata waliojua jina lake la ubatizo. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda taa nyekundu iliyoning'inia mgongoni mwa treni. Alitueleza jambo hilo mara nyingi mno, kwa uzito uleule ambao mchungaji wetu wa Kimethodisti alitumia kueleza Utatu Mtakatifu. Mkuu wa stesheni hahesabu mabehewa, alisema. Anatazama taa ya nyuma. Ikipita mbele yake ikiwaka, treni ni kamili. Isipoonekana, basi mabehewa yamekatika na kubaki porini, na treni inayofuata itayagonga. "Treni bila taa ya nyuma haiyafika," alikuwa akisema, yaani haijafika bado. Jioni, kabla mama hajafunga mlango, baba aliuliza, "Taa ya nyuma imeingia?" Alimaanisha mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na tabia ya kusahauliwa nje.

Kwa hiyo sisi tulikua tukijua kwamba taa nyekundu ya nyuma ikiwaka, kila kitu ni salama. Kamwe haizimwi njiani. Naomba mlishike hilo, kwa sababu yote yaliyotupata yanaanzia hapo.

Treni zikaanza kupungua. Ziliadimika hadi watoto wadogo wa kambi wakawa wanakimbia kuitazama treni ikipita, jambo ambalo sisi wakubwa tuliliona la aibu. Baba akabaki nyumbani na kofia yake. Ndipo kaka yake alipohamia Lubumbashi akamwachia gari lake kuukuu, jeupe la zamani, lenye mgongo mrefu wa kupakia magunia. Baba akaanza kubeba watu kati ya mjini na Base, ile kambi kubwa ya wanajeshi nje ya mji. Alifika hapo asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama, kwa saa alizozipanga mwenyewe na kuziandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Abiria walimcheka. Alichelewa mara chache kuliko treni.

Miezi michache baadaye springi inayorudisha juu kanyagio la breki ilikatika. Springi ya gari la aina ile haikupatikana Kamina. Baba hakusumbuka hata kidogo. Watu wa reli hawasubiri vipuri, huvitengeneza. Alikata utepe wa mpira wa ndani ya tairi, akaukunja mara mbili, akalifunga kanyagio kwa fundo ambalo alituita wote tuje tulione. Lilirudi juu vizuri kabisa. Mama alisema, "Papa Garde, weye ungezaliwa Mubelgiji, wangekupa medaye." Baba alicheka hadi akakohoa.

Kisha balbu za taa za breki zikaanza kuungua. Sisi tuliziita ampuli. Ya kwanza iliungua mwanzo wa mvua, ya kushoto, na baba akabadilisha bila neno. Siku chache baadaye ikafuata ya kulia. Kisha ya kushoto tena. Kwa mtu mwingine ni usumbufu tu. Kwa baba ilikuwa fedheha. Mtu aliyelinda taa ya nyuma maisha yake yote anaonekana barabarani na mgongo wenye giza! Alianza uchunguzi. Kwanza aliwashuku watengenezaji, akasema ampuli za siku hizi zinatengenezwa na watu wasiomcha Mungu. Halafu akazishuku nyaya, akazifuata moja moja akiwa amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Halafu mashimo ya barabara, na kweli mashimo ya barabara ya Base yangeweza kuua kitu chochote. Akazifunga taa kwa vipande vya godoro zisitikisike. Alisugua vishikio vya ampuli kwa msasa mpaka vikang'aa. Ampuli ziliendelea kufa.

Kazi yangu katika uchunguzi huo ilikuwa kusimama nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, kifungua mimba. Kila jioni baba alifungua betri na kuileta ndani ili tusikilize redio, na kila asubuhi aliirudisha garini. Mimi nilisimama nyuma ya taa ya kushoto nikiwa na sare ya shule. Nyuma ya taa ya kulia alisimama Solange, rafiki yangu, ambaye alikuja kunichukua twende shule pamoja. Solange alikuwa binti wa jirani yetu wa ukuta mmoja, Papa Kyungu, aliyekuwa akigeuza njia za reli pale stesheni, na mama yake, Mama Rejina, aliongoza kwaya kanisani kwetu. Kutoka dirishani baba alipaza sauti:

"Numbi, inawaka?"

"Inawaka, Papa."

"Yote mbili?"

Nilimtazama Solange. Solange alitikisa kichwa kukubali.

"Yote mbili, Papa."

Hapo baba aliondoka ameridhika. Sasa niwaambie kitu ambacho baba hakukiona, kwa kuwa alikuwa mbele, nyuma ya boneti iliyoinuliwa. Mara tu alipofunga waya wa betri, kabla hajazunguka kuingia garini, kabla mguu wake haujagusa kitu chochote, taa zote mbili zilikuwa zinawaka tayari. Asubuhi za mawingu blauzi zetu nyeupe ziligeuka rangi ya pinki. Tuliipenda sana rangi hiyo. Solange alikuwa akigeuka taratibu ili apakwe pande zote.

Alipouliza kama inawaka, nilijibu ukweli. Hakuniuliza kama inazima. Na nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za kambi, mtoto hakujibu asichoulizwa. Aliyefanya hivyo aliitwa redio, na redio, mama alisema, dawa yake ni kuitoa betri.

Ampuli zilizokufa zilikuwa mali yetu. Ukiitikisa karibu na sikio unasikia kiwaya kikilia ndani, kama panzi aliyefungwa kwenye kiberiti. Tulizizika nyuma ya nyumba, kando ya muhogo wa mama, katika mstari ulionyooka. Solange ndiye aliyeongoza ibada. Alijifunga kitambaa kiunoni kama mama yake, akafumba macho kama mama yake, akainua kidole kwa wale wanaoimba sauti ya chini, ambao nilikuwa mimi peke yangu, akaimba wimbo wa mazishi kwa sauti nzito kupita umri wake. Siku moja Mama Rejina alituona kutoka uani kwake. Badala ya kutugombeza alisimama, akasahihisha sauti yangu, na kwenda zake akicheka. Makaburi yalikuwa tisa wakati huo.

Jioni gari liliporudi, magurudumu yalikuwa ya moto. Tulitema mate kwenye chuma cha ndani ili yasikike yakichemka, chiii, na ile harufu ikajaa uani, chuma na kwato, na mimi nikakimbia kumpokea baba nikiwa na furaha. Mama aliteleka maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari dogo linanuka kama treni nzima. Baba mwenyewe alilalamika kwamba gari limekuwa zito, akalaumu mchanga na wake za wanajeshi wanaopenda kusafiri na mabeseni.

Alipoishiwa maarifa alikwenda kwa Kasongo, fundi aliyekuwa na karakana yake ya wazi ng'ambo ya stesheni. Ilikuwa Jumamosi, nami nilifuatana naye nikibeba kopo lenye ampuli mbili za karibuni, kama mtu anayepeleka kinyesi hospitalini. Kasongo aliziangalia kwenye jua. Vioo vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi, na plastiki ya taa ya kushoto ilikuwa imeanza kujikunja kwa joto.

"Papa Garde," alisema Kasongo, "ampuli inakufaka juu ya mambo tatu. Courant ya umeme ikizidi, inakufa. Mutikisiko ukizidi, inakufa. Na ikitumika bila kupumzika inakufa pia, sawa muntu. Ile taa inazimaka muzuri, ukitosha muguu, ukiuinua?"

"Huyu mutoto anasimamaka ku nyuma kila asubui," baba alijibu, akiniwekea mkono kichwani. "Yeye njo macho yangu. Hayasema hata siku moja kama kuko shida."

Kasongo alinitazama. Sijui kama ni mimi ninayeliongeza hili baadaye, lakini nakumbuka alinitazama kwa muda. Ila mtu mzima hamhoji mtoto wa mtu mbele ya baba yake. Ni kama kumwambia baba kwamba ni mwongo. Akainama tena.

"Acha niangalie chini ya pedale," alisema, akilioneshea kidole kanyagio la breki.

Baba alicheka, lakini alikuwa amekasirika. "Taa inaungua ku nyuma, weye unaenda kutafuta ku mbele? Kasongo, weye hukutumikaka kazi ku treni."

Kasongo akapangusa mikono na kutuuzia ampuli mbili mpya. Mkono wa baba ulikuwa bado kichwani mwangu. Nilikuwa na fahari sana kuitwa macho yake hata nikasahau kutumia hayo macho.

Hapana, nisiseme nilisahau. Ningesema hivyo ningekuwa nawadanganya kama nilivyowadanganya wanafunzi wangu Jumanne. Wiki ileile mimi na Solange tulikuwa tumesimama njiapanda ya soko, tukaona teksi ikisimama, taa zake za nyuma zikawaka, halafu ilipoondoka zikazima. Solange alinigusa. "Angalia, ya yule iko mubaya. Inazimaka." Tulicheka, tukamwonea huruma dereva. Likaja gari la pili, nalo likazima. La tatu likazima. La nne lilikuwa gari la mchungaji wetu, na taa za mchungaji zikawaka na kuzima kama za wenye dhambi. Hapo hatukucheka tena. Solange alinitazama, nami nikamtazama. Wasiwasi ulitushika wote wawili palepale, na hakuna aliyeusema.

Nilikusudia kumuuliza baba jioni. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa shuleni. Lakini jioni hiyo alirudi na kidole kilichoungua, ampuli moja mpya ikiwa imekufa tayari, na aliitupa ukutani, yeye ambaye hakuwahi kutupa kitu. Nikasema moyoni, nitauliza kesho. Kesho yake asubuhi aliuliza, "Inawaka?" nami nikajibu, "Inawaka, Papa," kwa sababu ilikuwa inawaka.

Jumamosi iliyofuata Mama Rejina alialikwa Base kuwafundisha wanakwaya wa huko wimbo wa sikukuu ya mavuno. Aliketi mbele, kando ya baba, na kitambaa kipya cha kichwa, rangi ya machungwa. Kwa kuwa haikuwa siku ya shule, Solange alikuja tu kumuaga mama yake, lakini tulisimama mahali petu kwa mazoea, yeye kulia, mimi kushoto. "Yote mbili?" Solange akatikisa kichwa. "Yote mbili, Papa." Mama Rejina alitoa mkono dirishani akatupungia bila kugeuka nyuma.

Saa tisa alasiri mwendesha baiskeli mmoja alifika kambini akiwa hana pumzi. Alisema gari la Papa Garde limeanguka darajani, pale barabara inapoteremka kwa mteremko mrefu kabla ya mto. Mama alitoka vilevile, unga mikononi, nami nikamfuata kwa kuwa hakuna aliyenizuia. Tulipakiwa na mtu mwenye pikipiki, mimi katikati.

Gari lilikuwa limetumbukiza pua mtaroni, kabla kidogo ya daraja, mgongo juu. Baba aliketi ukingoni, mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Abiria wawili wa nyuma walikuwa na michubuko. Kando ya barabara, mtu alikuwa amelazwa na kufunikwa kitenge, na pembeni ya kitenge niliona kile kitambaa cha machungwa. Mama alianza kupiga yowe. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama taa.

Zilikuwa zinawaka. Hakuna mtu ndani ya gari, hakuna mguu popote karibu na kanyagio, na zote mbili zilikuwa zinawaka juani, nyekundu, salama salimini. Watu waliokusanyika walizionyeshana. "Aliikanyaga frein mpaka mwisho," mwanamke mmoja alisema, akimaanisha breki. "Angalia, hata sasa taa hayazime. Maskini, alijaribu." Kila mtu alikubali. Ile harufu ilikuwa imetanda juu ya mtaro mzima, chuma na kwato, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu haikuniambia kwamba baba amefika.

Kasongo alikwenda kulitazama gari siku ya pili, kisha akaja nyumbani. Baba alikuwa amelala, mguu umefungwa mbao. Nilikuwa nimeleta maji, nikabaki nyuma ya pazia.

"Papa Garde, ule mupira wa pedale ulilegea," Kasongo alisema polepole. "Sijue tangu wakati gani. Jua inaupiga, unalegea. Pedale haikuwa inarudi yote. Frein ilikuwa inashika kidogo kidogo njia yote, inapata moto, na pa mulima ikachemka, ikakuacha. Ile taa ilikuwa inakuambia. Kila ampuli ilikuwa inakuambia."

Kasongo alipoondoka, baba aliniita. Alijua nilikuwa wapi. Walinzi wa treni husikia kila kitu.

"Numbi. Asubui, kabla minyi nikanyage, taa ilikuwa inawaka?"

Nilitazama mbao za mguu wake. "Sijue, Papa."

Alinitazama mpaka nikahisi joto usoni. Halafu akasema, "Enda ucheze." Hakuna mtoto aliyekuwa akicheza kambini siku hiyo.

Matanga yalikuwa uani kwa Papa Kyungu, wanaume kwenye viti kuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Siku ya tatu, baada ya maziko, jamaa za marehemu waliketi kuulizana kifo kimetoka wapi, kama ilivyo desturi. Alasiri hiyo baba aliomba abebwe. Walimpeleka na kiti chake. Kulikuwa na minong'ono kwamba alikuwa amekunywa, yeye Mmethodisti ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza. Papa Kyungu aliinyamazisha.

"Garde, minyi sitafute makosa," alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Bantu banasema taa zilikuwa zinawaka. Kama ni vile, ulikanyaga frein, na ni Mungu njo amemutwaa. Nitakubali. Nataka tu kusikia. Mutoto wako njo alikuwa anaangalia taa. Numbi, mwanangu, kuja hapa."

Nilisogea. Nilikuwa na jibu mdomoni, tayari, tamu. Ningesema taa zilikuwa zinawaka, kila asubuhi, zote mbili, na lingekuwa neno la kweli. Papa Kyungu alikuwa mtu wa reli. Kwake taa ya nyuma inayowaka ni treni kamili. Angemsamehe baba palepale. Nilifungua mdomo.

"Usimuulize mutoto," baba alisema.

Alinyoosha mkono akanirudisha nyuma ya kiti chake.

"Mutoto nilimuuliza kama inawaka. Akasema inawaka, alisema kweli. Kama inazima, sikumuuliza hata siku moja. Taa ilikuwa inawaka wakati wote, Kyungu. Frein ilikuwa inashika wakati wote, na minyi sikujua. Kasongo alitaka kuangalia ku pedale, nikakatala, nikamuchekelea. Mukono wangu njo ulifunga ule mupira. Mama Rejina alikufa juu ya makosa yangu."

Papa Kyungu aliinuka, akashika kiti chake kwa mgongo, akakigeuza kitazame upande mwingine, akaketi. Ndugu zake mmoja mmoja wakageuza viti vyao. Wakambeba baba kumrudisha nyumbani, na tangu siku ile mpaka Papa Kyungu alipohamishwa, nyumba zile mbili zenye ukuta mmoja hazikuazimana hata chumvi.

Nilimchukia baba yangu. Siandiki neno hilo kwa urahisi, lakini ndilo. Solange hakuja tena kunichukua. Alipita njia ya nyuma. Nilipokwenda kando ya muhogo nilikuta makaburi yetu yamefukuliwa yote na ampuli hazipo. Nikajua ni yeye, nikajua ananichukia pia. Na yote hayo, niliwaza, ni kwa sababu mzee hakuniacha nijibu. Sentensi moja tu! Kwa miaka nilimwona kama mtu aliyeichoma nyumba yetu kwa mdomo wake mwenyewe ili aonekane mnyoofu. Yeye hakuwahi kujitetea, wala hakuendesha gari tena. Alilima mahindi kando ya reli, akichechemea.

Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, na mama wa watoto wawili, nilipoelewa. Siku hiyo mwanangu alivunja kitu cha jirani, na jirani akaja kumuuliza. Nilimwona akifungua mdomo, nikaona jibu likija, lile jibu la kweli ambalo ni uongo, na kabla sijafikiri nikawa nimeshasema, "Usimuulize mtoto." Nilisikia sauti ya baba ikitoka kooni mwangu. Alikuwa ameliona jibu langu likija, pale kwenye duara la viti, na akaona kwamba nikilitoa nitaishi nalo. Alijua kwamba nilikuwa nikiona. Alijua tangu nilipotazama mbao za mguu wake. Akaubeba mzigo wote kwenye behewa lake la mwisho na kunishusha mimi. Sikumwambia kamwe kwamba nimeelewa. Majuto ni mjukuu, na haya yangu yalizaliwa babu akiwa amekufa.

Maana baba alifariki mwaka huohuo, kabla sijapata ujasiri. Kwenye matanga yake, mchana, mwanamke mmoja mnene aliingia akavua viatu na kuketi kando yangu kwenye mkeka. Nilimtambua kwa jinsi alivyofumba macho wakati wa wimbo.

"Numbi," Solange alisema, akitazama miguu yake, "zile ampuli minyi njo nilitosha mu udongo. Nilizitupa mu mto. Niliona sawa wimbo wangu njo uliita kifo."

Halafu akanigeukia.

"Na taa, nilikuwa naiona. Ya kuume ilikuwa yangu. Weye ulikuwa unaniangalia, minyi natikisa kichwa." Alivuta pumzi. "Siku ile papa yako alisema bantu basikuulize, minyi nilikuwa ku mulango. Nikangoja aseme na jina yangu."

Ndipo nikaelewa la mwisho, ambalo hata baba hakulielewa. Kioo cha pembeni cha dereva, upande wa kushoto, kilimwonyesha baba binti mmoja tu. Alimkinga yule aliyemwona. Mwingine, ambaye mama yake ndiye aliyekuwa chini ya kitenge, alirudi ndani akiwa na miaka tisa na taa yake ya kulia, na hakuna aliyemwambia neno.

Nilimshika mkono. Kwa kuwa mwenye maneno hayo alikuwa amelala ndani ya sanduku, niliyasema mimi badala yake.

"Solange, weye pia hakuna muntu alikuuliza."

Aliukaza mkono wangu. "Hata vile," akasema, "niliona."

"Minyi pia niliona," nikamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kulisema kwa sauti. Tuliendelea kushikana mikono mpaka walipokuja kulibeba jeneza.